Hotuba ya Mwenyekiti: Kitambaa Chetu cha Maua



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha siku ya leo. Miaka kumi siyo mchezo. Tulianza na hisa ndogo ndogo katika sanduku la kufuli tatu, na leo tunaitwa wenye mtaji. Habari za fedha atazieleza mweka hazina. Sisi tunapenda tuseme juu ya lile swali linaloulizwa kila tukikutana: kile kitambaa cha maua kinakuja lini?

Kwa faida ya wageni wetu tueleze kidogo. Tumepatana na mbunifu wa mitindo, kijana wa Mpanda mjini, kwamba yeye atachora maua na sisi tutashona. Katika kitambaa hicho hicho tutatoa magauni, sketi na nguo za watoto, halafu foronya, mapazia, vitambaa vya meza na vya makochi. Maua yenyewe tumechagua ya huku kwetu Mamba: alizeti, ufuta na pamba. Mwenye shamba la pamba anajua, ua lile linafunguka jeupe, kesho yake limegeuka waridi. Uzuri huo tunaupita kila msimu na jembe begani.

Wapo wanaosema mambo ya wabunifu ni ya watu wa Dar es Salaam. Ni kweli maonyesho ya Swahili Fashion Week yalianzia huko mwaka 2008. Lakini jamani, nguo ya maua ya bei ya mtu wa kawaida siyo ngeni kwetu. Khanga je? Ina pindo, ina mji, ina jina, na mara nyingi imejaa maua. Mama anajifunga, anabebea mtoto, anatandika, anatundika mlangoni. Ni vazi na ni pambo la nyumba, yote katika doti moja. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilichapa khanga na vitenge vilivyovaliwa mpaka vijijini.

Hali kadhalika huko nje. Mwaka 2010 maduka ya Target ya Marekani yaliungana na Liberty, duka la London lenye sifa ya vitambaa vya maua, wakatoa nguo na vitu vya nyumbani kwa bei nafuu. Mwaka 2018 kampuni ya H&M ikatoa nguo zenye maua ya William Morris, Mwingereza aliyefariki mwaka 1896. Wenzetu wanaweza kushusha bei kwa sababu wanachapa kwa wingi, basi gharama ya mchoraji na ya mashine inagawanyika kwa watu wengi.

Hapo ndipo penye ugumu wetu, ndugu wanachama. Sisi ni wachache. Tukiagiza kidogo, kila mita itakuwa ghali na mama wa hapa gulioni hataimudu. Tukiagiza nyingi kwa pupa, majora yatalala ndani na fedha yetu imelala nayo. Na fedha hiyo siyo ya mwenyekiti. Ni ada ya mtoto wa mtu, ni mbolea ya mtu, ni dawa ya mtu.

Kwa hiyo, kamati yenu inapendekeza mambo manne. Kwanza, hisa za wanachama na mfuko wa jamii visiguswe. Anayetaka kuingia katika kitambaa atoe mchango wake wa pembeni kwa hiari. Pili, tuzungumze na vikundi wenzetu wa Majimoto na Usevya ili tuagize kwa pamoja. Tatu, tupate kwanza kipande cha mfano, tukifue mara tatu kwa sabuni ya mche na kukianika juani. Tuliwahi kuuziwa vitambaa na mchuuzi mmoja, vilichuja rangi siku ya kwanza vikaharibu hata nguo nyeupe za wenyewe. Nne, bei ipangwe kabla ya kushona, na ushonaji ufanywe na mafundi wetu wenye vyerehani, wasiachwe nje.

Wengine wameuliza, mbona tusiombe mkopo wa halmashauri? Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake wana fungu lao la asilimia 4, na mkopo hauna riba. Ni haki yetu kuomba. Lakini deni ni deni, hata kitambaa kisipouzika litalipwa. Tuombe baada ya mfano kupita, siyo kabla.

Tunajua kungoja kunachosha. Wapo wasichana wetu waliokwisha pima mishono, na wapo akina mama waliotenga hela ya mapazia tangu mavuno. Tunawaomba subira. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pamba yetu imezoea kuondoka hapa na magari na kurudi nguo ya bei kubwa. Safari hii tunataka irudi ikiwa na ua lake, na jina letu pembeni.

Umoja ni nguvu!