Vijana Wasome Elimu ya Miamba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na vijana wa shule za sekondari)



Mwaka 1940 Mkanada mmoja, Dakta John Williamson, aligundua mwamba wa almasi Mwadui, katika nchi ya Wasukuma. Wenyewe walikuwapo tangu enzi za mababu, wala hawakuwa wajinga: kila aina ya udongo wameipa jina, na wanajua upi unafaa mpunga. Lakini Williamson alikuwa amesoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill. Mgodi ukawa wake.

Leo sheria ni yetu. Tangu mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ina haki ya kupata bure hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za migodi mikubwa. Vema sana! Lakini nawauliza: hesabu ya dhahabu iliyomo ardhini anaiandika nani? Ni mjiolojia. Yeye ndiye asimamiaye uchorongaji na kupeleka sampuli maabara, kisha akasema ziko tani ngapi. Asiyeweza kuisoma hesabu hiyo atapewa asilimia 16 ya kile atakachoambiwa.

Basi someni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu hii, na cha Dodoma pia. Atakayeingia apende Kemia, Fizikia, Hesabu na Jiografia, tena awe tayari kushinda porini juani, nyundo mkononi. Dada zetu vilevile, nyundo haiulizi.

Wengi mnadhani kazi ni dhahabu tu. Bei ya dhahabu ikishuka migodi hupunguza watu, sitawaficha hilo. Lakini tazameni Arusha na Kilimanjaro. Viko visima ambavyo maji yake yamezidi floraidi itokayo katika mawe ya volkano. Watoto wanaoyanywa meno yao huwa ya kahawia, na wengine mifupa hupinda. Kabla ya kuchimba kisima kipya, lazima awepo mtu anayejua mwamba gani uko chini. Huyo ni mjiolojia wa maji. Wenzake hupima ardhi ya kujengea mabwawa na madaraja, au hutafuta gesi kama ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974.

Ndugu Mwenyekiti, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wasiwasukume watoto wote kwenye udaktari na uanasheria. Mwenye alama nzuri za Kemia na Jiografia aulizwe kama jambo hili analipenda. Nami nitabaki hapa baada ya mkutano, kwa kila atakayetaka kuuliza.