Mla Majani wa Tendaguru



Mtu akichimba kisima hapa Kisenyi hatakuta mfupa wa dinosaria, hata akifika mwambani. Miamba ya chini ya Kampala ilikuwapo zaidi ya miaka bilioni moja kabla ya dinosaria wa kwanza. Kwa hiyo nawapeleka kusini mwa Tanzania, kwenye kilima cha Tendaguru, kilomita 60 hivi kutoka mji wa Lindi. Huko alifukuliwa Giraffatitan, dinosaria mla majani aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Nitakalolisema juu yake ni moja: ukubwa wake ulianzia kinywani.

Kiunzi chake kilichopo Berlin kina kimo cha mita 13.27. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele peke yake unapita mita mbili. Hata mtu mrefu akisimama kando yake, unampita. Mnyama wa namna hii alishibaje?

Meno yake yaliweza kukwanyua matawi, lakini magego hakuwa nayo. Ninyi mnaoishi na vinu vya mahindi mnajua kinu kinavyotaka nafasi, chuma na nguvu. Tembo amebeba kinu chake kichwani: magego mazito, taya nene, misuli mingi, na shingo fupi ya kuhimili mzigo huo. Giraffatitan hakusaga kitu. Alikwanyua, akameza, kazi iliyobaki akaliachia tumbo, ambamo vijidudu vilichachusha majani polepole.

Asiyetafuna hahitaji kichwa kikubwa, na kichwa kikiwa chepesi shingo inaweza kurefuka. Yake ilikuwa na pingili 13, zenye matundu ya hewa ndani. Kwa shingo hiyo alizifikia mbegu na majani ya miti jamii ya misonobari bila kuusogeza mwili kila mara. Nyasi hazikuwapo bado duniani. Maelezo haya yameendelezwa hasa na Martin Sander wa Chuo Kikuu cha Bonn na wenzake, nami nayakubali, kwa sababu yanaunganisha jino, shingo na tumbo katika jibu moja.

Hewa hiyo ya mifupani imebadilisha hata hesabu ya uzito. Mwaka 1962 mtafiti Edwin Colbert alikadiria tani 78. Makadirio mengi ya siku hizi ni nusu ya hapo au pungufu.

Lakini mifupa haikwenda Ulaya yenyewe. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani, ulioanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, uliajiri wenyeji waliofikia 500 kwa wakati mmoja, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kuteketezwa na Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kuufukua mfupa bila kuuvunja. Tani zipatazo 225 zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi, hadi bandari ya Lindi.

Walimu mlio hapa, mkimfundisha mnyama huyu, mtajeni Boheti bin Amrani pamoja na Janensch, na waambieni watoto kwamba alitoka Lindi.