Kamba Iliyokunjwa Kati: Simu, Uzito na Afya ya Umma Ukingoni mwa Ruvuma



Niliombwa nizungumzie programu za kidijitali zinazowasaidia watu kudhibiti uzito kupitia huduma za afya za umma. Aliyenipa mada nadhani alitarajia nianze Ulaya. Nitafika huko, lakini nitaanzia Namoto, kwa shangazi yangu.

Kwa wasiopajua, Namoto ni kituo cha mpaka upande wa Msumbiji, wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado. Unatoka Mtwara hadi Kilambo, unavuka Ruvuma, umefika. Ofisini pale ni Kireno, nyumbani Kimakonde au Kimwani, na kwenye biashara Kiswahili hakikosi. Shangazi ana presha. Ana mwili pia, na mwili huo anauona kuwa heri, si maradhi.

Miaka michache iliyopita aliandikishwa kwenye huduma ya ujumbe mfupi, ambayo sitaitaja. Simu hana, kwa hiyo alitoa namba ya mwanawe. Mwanawe ni mvuvi. Basi ikawa kila asubuhi, chombo kikiwa bado hakijaiacha pwani mbali, kijana mwembamba kama upondo anapokea kwa Kireno mawaidha ya kupunguza kitambi na kutembea nusu saa kwa siku. Alikuwa akiwatafsiria wenzake, wanacheka mpaka wanasahau nyavu. Shangazi hakuupata ujumbe hata mmoja. Kwenye hesabu za huduma ile, bila shaka, yeye ni mtu aliyefikiwa.

Sasa twende Ulaya. Mwaka 2021 huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, ilianzisha programu ya kidijitali ya kudhibiti uzito. Anayepokelewa ni mtu mzima mwenye unene uliopindukia ambaye pia ana kisukari au shinikizo la damu. Daktari wake au mfamasia humwandikia rufaa, naye hufuata mafunzo kwa wiki 12 akitumia simu au kompyuta. Ngazi za msaada ni tatu: kuna wanaoachiwa programu peke yake, na kuna wanaopewa mtu wa kuzungumza nao. Kipimo cha kuingilia, ule uwiano wa uzito na urefu, ni 30, lakini kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia kimeshushwa hadi 27.5, kwa sababu miili yao hupata madhara mapema zaidi. Ni kazi iliyofikiriwa vizuri. Hata hivyo, katika mwaka wa kwanza karibu nusu ya waliopewa rufaa hawakuianza kabisa. Na hao ni watu wenye simu zao wenyewe, daktari mwenye faili lao, na programu inayosema lugha yao.

Ondoeni hayo matatu, simu, faili na lugha, mwone kinachobaki Namoto.

Nina takwimu chache, na naomba mnivumilie kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake. Mwaka 2005 Msumbiji ilifanya uchunguzi wa taifa wa watu wa miaka 25 hadi 64. Profesa Albertino Damasceno wa Maputo na wenzake walikuta asilimia 33.1 wana shinikizo la damu. Kati yao, waliojua kuwa wanalo walikuwa asilimia 14.8. Uchunguzi uliporudiwa miaka kumi baadaye, wenye presha walikuwa wamepanda hadi asilimia 38.9, na waliojua hali yao walikuwa asilimia 14.5.

Tazameni miaka hiyo kumi ilivyokuwa. Ndiyo miaka simu zilipoenea. Movitel ilianza kazi mwaka 2012 ikapeleka minara hadi vijijini, fedha zikaanza kutumwa kwa simu, muuza samaki akajua bei ya mji wa Pemba kabla jua halijapanda. Habari zote zilisafiri isipokuwa ile ya mtu kuhusu mishipa yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniletea programu ya kuwafundisha watu wa Palma kuhesabu kalori, namuuliza kwanza: huyu unayemfundisha, nani amekwisha kumwambia kwamba ana tatizo?

Halafu liko suala la maana ya mwili. Machi 24, 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Watu walikimbilia vichakani, wengine wakafika mpaka mtoni. Mawasiliano yalikatika siku kadhaa. Waliorudi walirudi wamekonda. Mgao wa chakula ulipokuja ulikuwa mchele, maharage na mafuta ya kupikia, na nani angeukataa? Mtu aliyenenepa tena baada ya hapo huambiwa amenawiri, na hiyo ni pongezi. Aliyekonda hunong'onwa: ana njaa, au ana ule ugonjwa. Ukimtumia mtu huyo ujumbe usemao "punguza mwili", umemwambia arudi kichakani.

Wakunga wa zamani na maprofesa wa leo wanakutana katika jambo moja, kwamba njaa ya tumboni mwa mama haiishi mtoto akizaliwa. Waholanzi walilipima. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 njaa kali iliwapata, na vijana ambao mama zao walishikwa na njaa hiyo katika miezi ya mwanzo ya mimba walipofika miaka 19 walionekana kuwa na unene uliopindukia kwa wingi kuliko wenzao. Msumbiji, katika uchunguzi wa 2022 na 2023, asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja unakuta mjukuu mwenye mkono mwembamba na bibi mwenye kiuno kipana, wanakula sufuria moja. Sisi wataalamu ndio tuliowatenganisha katika wizara, bajeti na makongamano.

Nyumba hiyo ina mgeni wake wa kawaida. Msumbiji wanamwita APE, mhudumu wa afya wa kijiji. Mpango huo ulianza mwaka 1978 na ukafufuliwa mwaka 2010. Katika baadhi ya mikoa, Cabo Delgado ikiwemo, wizara ya afya kwa kushirikiana na UNICEF na Malaria Consortium imewapa wahudumu hao simu zenye programu iitwayo upSCALE. Simu inamwongoza mhudumu: mtoto ana homa? Anapumua kwa kasi? Utepe wa mkono umesoma rangi gani? Ukisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, mtoto anahitaji tiba ya utapiamlo. Unguja na Pemba wana mpango wao, Jamii ni Afya, ambao wahudumu wa kujitolea wanautumia katika visiwa vyote viwili, kwa Kiswahili, nyumba kwa nyumba. Kwa macho yangu huo ndio mfano wa karibu zaidi na wa maana zaidi kwetu kuliko wa London.

Mtaona ninakoelekea. Simtaki shangazi apewe programu. Nataka APE, akishaufunga utepe kwenye mkono wa mjukuu, simu imkumbushe: mtu mzima aliyeketi pale mkekani, umempima presha lini?

Na uzito? Mizani ya kumbeba mtu mzima ni nzito kuibeba kwa miguu. Mwaka 2022 NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, ilishauri kitu ambacho fundi cherehani yeyote angekielewa: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Hakihitaji hata namba. Nilikijaribu kwa shangazi. Alisimama kwenye mwimo wa mlango, mjukuu akapanda kinu, tukapima kamba ya ukindu kutoka kisiginoni hadi utosini, tukakata. Tukaikunja kati. Nikampa aizungushe mwenyewe juu ya kitovu, khanga ikiwa imelegezwa. Ncha hazikukutana, kati yake palibaki upana wa vidole vinne. Akazitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama karatasi ya kliniki. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii ndiyo presha yenyewe au ni jirani yake?" Sijawahi kusikia swali zuri zaidi darasani.

Ujumbe wa simu una nafasi yake, ukijua msimu. Senegal mwaka 2014 walianza kuwatumia wenye kisukari ujumbe wakati wa Ramadhani: namna ya kufunga, kula na kunywa maji. Pwani yetu nayo ina mwezi huo, na mezani pana mhogo wa nazi, maandazi, chai ya sukari tele na ng'onda wenye chumvi. Ujumbe wa sauti kwa Kimwani, unaoingia kabla ya futari, utasikilizwa na nyumba nzima hata kama simu ni ya mvuvi.

Ila nina sharti moja, na hili silegezi. Katika nchi ambayo vijiji vimechomwa, orodha ya majina yenye ramani ya nyumba ni kitu cha hatari. Programu ihifadhi kidogo, ifanye kazi bila mtandao, na ifutike kwa kubonyeza mara moja. Wafadhili hupenda data nyingi. Wao hawalali Palma.

Nilipita tena Namoto siku ya pili ya Idi. Nikaulizia ile kamba. Shangazi akanionyesha kwa kidevu: ilikuwa imefungiwa mbuzi. "Urefu wangu ninao mwenyewe," akasema, "kata nyingine." Tukakata. Vilikuwa vidole vitatu na nusu, au labda safari hii aliivuta zaidi.