Gari la Familia Lililotumika: Bei ya Kununua ni Mwanzo Tu

Mazungumzo kwa wakazi wa Tseikuru kuhusu kununua na kutunza magari ya familia ya aina ya SUV



Mkazi wa Tseikuru anapofikiria kununua gari la familia, huwa ana sababu nzito. Mtoto huugua usiku na hospitali iko mbali. Ndengu zikivunwa zinahitaji kufika sokoni Mwingi. Kuna matanga Kyuso, kuna mkutano wa wazazi shuleni, na matatu haipiti kwa saa inayotakiwa. Basi fedha hukusanywa: ng'ombe huuzwa, mkopo wa Sacco huchukuliwa, na mtoto anayefanya kazi Nairobi huongeza kidogo. Fedha za namna hiyo hazipatikani mara mbili. Gari likiharibika miezi mitatu baada ya kununuliwa, familia hubaki na deni na chuma kilichoegeshwa chini ya mti.

Magari yanayopendwa yanajulikana: Nissan X-Trail, Subaru Forester, Toyota RAV4, Mitsubishi Outlander, Mazda CX-5, Honda CR-V. Ni magari mazuri. Hata hivyo, bei anayotaja muuzaji si gharama yote ya gari. Gharama yake ni bei hiyo pamoja na fedha za kulifanya lifae barabara za huku na kulitunza mwaka wa kwanza. Anayemaliza fedha zote siku ya kununua amenunua nusu ya gari.

Kuchagua gari linalofaa njia

Jambo la kwanza ni kujua kama gari linasukumwa na magurudumu mawili au manne. X-Trail, RAV4, Outlander, CX-5 na CR-V ziliuzwa Japani kwa namna zote mbili, na kwa nje zinafanana kabisa. Nembo iliyobandikwa nyuma si ushahidi. Mnunuzi au fundi wake ainame atazame chini ya gari. Kama kuna shafti ndefu inayotoka kwenye gia mbele hadi difu ya nyuma, gari ni la magurudumu manne. Kama haipo, na gari si la haibridi, ni la magurudumu mawili, hata muuzaji aseme nini. Gari la magurudumu mawili si baya kwa mtu anayekaa mjini na kutumia barabara kuu, na hutumia mafuta kidogo zaidi. Lakini asilipie bei ya magurudumu manne.

Jambo la pili ni urefu wa gari kutoka ardhini. Forester ya miaka ya 2013 hadi 2018 ina takriban milimita 220, na X-Trail ya wakati huo takriban 205. Hiyo inatosha kwa barabara ya murami iliyo na mashimo, gari likiwa halijabebeshwa kupita kiasi. Watu saba na magunia mawili hulishusha gari, na jiwe ambalo asubuhi lilipita chini bila kugusa, jioni hupasua sampu ya oili.

Jambo la tatu ni tairi la akiba. Magari mengi kutoka Japani huja na tairi jembamba la dharura, na mengine hayana kabisa ila chupa ya gundi na pampu ndogo. Tairi jembamba limekusudiwa kumfikisha dereva kwenye gereji ya karibu, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, juu ya lami. Kwenye barabara ya mawe na miiba ya migunga halimfikishi mtu mbali. Anayeishi Tseikuru ahesabu bei ya tairi kamili la akiba tangu mwanzo.

Hati kabla ya fedha

Gari likipendeza machoni, kazi inayofuata ni hati. Kabla ya kutoa malipo ya awali, mnunuzi atafute rekodi ya gari katika huduma za NTSA kupitia eCitizen, kwa kutumia nambari ya usajili. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre au kwenye saiba. Rekodi hiyo huonyesha jina la mwenye gari. Jina hilo lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Nambari ya chasisi na ya injini zilizo kwenye logibuku zilingane na zile zilizochongwa kwenye gari lenyewe. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, mazungumzo yaishie hapo.

Magari mengi yamewekwa rehani. Kukiwa na jina la benki, Sacco au kampuni ya mikopo pamoja na la muuzaji, gari hilo si lake peke yake. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, mkopeshaji anaweza pia kusajili dai lake katika sajili maalum ya serikali, na mnunuzi ana haki ya kutafuta humo kupitia eCitizen. Anayenunua bila kutazama anaweza kunyang'anywa gari barabarani kwa deni ambalo hakulikopa.

Makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, yakiwa na nakala za vitambulisho na PIN za KRA za pande zote mbili. Fedha zipitie benki ili kubaki na ushahidi. Muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye mtandao, naye mnunuzi aukubali. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila mwenye gari mpya kusajiliwa. Maneno kama "lipa sasa, logibuku itafuata" yamewaliza wengi. Na bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria kabla ya gari kuguswa barabara.

Kwa anayetaka kuagiza gari kutoka ng'ambo, viwango vya KEBS vinataka liwe na usukani wa kulia, liwe limekaguliwa, na lisizidi umri wa miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mtu akiuziwa gari linalodaiwa kuwa "limetoka melini jana" na lina umri wa miaka 12, aelewe kwamba hadithi hiyo haiwezi kuwa kweli.

Kulikagua gari

Mnunuzi aende na fundi wake mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Waende asubuhi, na injini iwe baridi. Waguse boneti wanapofika. Ikiwa na joto, huenda injini imewashwa mapema ili kuficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa samawati humaanisha injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, humaanisha maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini. Kifuniko cha oili kikiwa na utando unaofanana na chai ya maziwa, dalili ni hiyo hiyo.

Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha injini, taa za onyo kwenye dashibodi ziwake, kisha zizime injini inapowaka. Taa ya injini isiyowaka kabisa ina walakini, kwa sababu kuna wauzaji wanaoiondoa ili tatizo lisionekane. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari ataona makosa yaliyohifadhiwa, na ada yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya injini.

Magari mengi ya aina hii yana gia za CVT, ambazo hutumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Adui yake ni joto na oili iliyochoka. Wakati wa kujaribu, gari liendeshwe kwa angalau nusu saa na lipande mlima. Likitetemeka linapoanza kutoka, likivuma sana bila kuongeza mwendo, au likipoteza nguvu baada ya kupata joto, gia hizo zinakaribia kwisha. Kuzibadilisha kunaweza kumeza sehemu kubwa ya bei ya gari lenyewe.

Forester za zamani zenye injini ya EJ hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Zenye injini ya FB, zilizoanza mwishoni mwa 2010, hutumia cheni. Asiyejua mkanda ulibadilishwa lini auhesabu kama haujabadilishwa.

Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha magari mengi Nairobi na kwingineko, na gari lililozama linaweza kuoshwa na kuuzwa likimetameta. Mkanda wa usalama uvutwe mpaka mwisho kutafuta alama ya tope. Zulia liinuliwe, na vyuma chini ya viti vitazamwe kama vina kutu.

Fedha za kubakisha

Mathalani, familia ina Sh1,500,000. Gari moja linauzwa Sh1,450,000 na jingine, la umri mkubwa kidogo lakini lililotunzwa na kuandikiwa kumbukumbu, Sh1,200,000. La kwanza huacha Sh50,000, ambazo huenda zikaishia kwenye bima na uhamisho. La pili huacha Sh300,000, sawa na moja ya tano ya fedha zote. Hizo zinatosha kuanza na oili ya injini na ya gia, betri, tairi la akiba, bushi na shokamzoba, na bado kitu kikabaki kwa dharura. Kwa njia za Tseikuru, gari la pili ndilo jipya zaidi.

Kulitunza katika joto na vumbi

Vitabu vya magari viliandikiwa barabara za lami na hewa safi. Huku vumbi hubadilisha hesabu. Oili ya injini na kichujio chake vibadilishwe kila kilomita 5,000. Kichujio cha hewa kitazamwe kila mwezi wakati wa kiangazi. Kikiziba, injini hukosa pumzi na kula petroli. Oili ya CVT wengine huambiwa haibadilishwi maisha yote. Mafundi wenye uzoefu hushauri kuibadilisha kati ya kilomita 40,000 na 60,000, na iwe aina iliyotajwa na mtengenezaji. X-Trail ya toleo la T31 hutumia NS-2 na ya T32 hutumia NS-3. Kujaza oili yoyote ya gia kwa sababu ni ya bei nafuu ni kuua gia hizo.

Rejeta ijazwe kupozi halisi, si maji ya kisima, kwa kuwa maji ya chumvi huacha gamba na kula vyuma. Mshale wa joto ukipanda, dereva asimame, azime injini na asubiri. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa moto, kwa maana mvuke wake huunguza uso na mikono. Kuendelea "mpaka pale mbele tu" ndiko kunakopinda kichwa cha injini.

Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la umri mkubwa hupasuka kwenye joto. Kwa magari yanayosukumwa na magurudumu manne wakati wote kama Forester, tairi zote nne ziwe za ukubwa mmoja na zichakae pamoja, la sivyo mitambo ya kugawa nguvu huumia.

Spea zikikosekana Mwingi, wengi huagiza Thika au Kirinyaga Road, Nairobi. Anayeagiza atume nambari ya chasisi, si jina la gari pekee, maana X-Trail mbili za mwaka mmoja zinaweza kutumia vipuri tofauti. Na kila kazi iandikwe kwenye daftari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na bei. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kuliuza gari, daftari hilo litaongeza thamani yake.

Mto ukijaa

Jambo la mwisho ni kuhusu uhai. Desemba 4, 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya lilisombwa na mto Enziu katika kaunti hii, na zaidi ya watu 30 walifariki. Lilikuwa basi, zito kuliko X-Trail yoyote. Maji yanayotiririka yenye kina cha sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi, yanaweza kuelea na gari dogo. Yakifika sentimita 60 yanaweza kusomba magari mengi, zikiwemo SUV. Gari refu na magurudumu manne humpa dereva ujasiri, lakini hayampi uzito wa kushindana na mto. Maji yakiingia kwenye bomba la hewa, injini huzima papo hapo, na kujaribu kuiwasha tena huvunja vyuma vya ndani.

Mto ukijaa, dereva asubiri ng'ambo aliyopo. Mito ya msimu hupanda haraka, lakini pia hushuka. Harusi itasubiri, soko litasubiri, na mgonjwa akihitaji msaada, wito wa simu kwa wahudumu wa afya ni salama kuliko kumwingiza mtoni.

Gari la familia hununuliwa ili familia ifike. Anayekagua hati, anayekwenda na fundi wake, anayebakisha moja ya tano ya fedha na anayekubali kusubiri mto ushuke, huyo gari lake litamfikisha kwa miaka mingi.