Virusi Visiachwe Nje ya Hesabu ya Vinasaba



Katika miaka ya 1952 na 1953 homa kali yenye maumivu ya viungo iliwaangusha wananchi wa Uwanda wa Makonde, huko Masasi na Newala. Wamakonde ndio walioupa ugonjwa huo jina: chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955. Mwaka 1956 R.W. Ross akaeleza jinsi virusi vyake vilivyopatikana katika damu ya wagonjwa wa Newala.

Siku hizi mabingwa wa sayansi hulinganisha kwa maelfu jenomu, yaani jumla ya vinasaba, za watu, wanyama, mimea na bakteria. Mara nyingi virusi huachwa kando, kwa hoja kwamba ni vidogo mno, na kwamba hakuna hata kinasaba kimoja kinachopatikana katika virusi vyote. Ni kweli kwamba jenomu ya chikungunya ina herufi zipatazo 11,800 tu, wakati ya binadamu ina bilioni 3 hivi. Lakini udogo huo si sababu ya kuipuuza.

Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu na Mombasa, ikavuka hadi Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako iliwapata karibu theluthi moja ya wakazi. Wataalamu walipolinganisha jenomu za virusi vya Réunion na zile za zamani, pamoja na ya virusi vilivyopatikana Tanganyika mwaka 1953, waliona badiliko dogo katika kinasaba kiitwacho E1. Badiliko hilo liliviwezesha virusi kuenezwa kwa urahisi zaidi na mbu aina ya Aedes albopictus, aliyekuwa tele kisiwani humo. Vipimo vya zamani kama kile cha mwaka 1953 vilisaidia kulitambua badiliko hilo.

Hapana budi, basi, virusi viingizwe katika kazi hiyo kubwa. Aidha, vijana wa Afrika Mashariki wafundishwe kuifanya katika maabara za nyumbani, na matokeo yake yafike vijijini kulikotolewa damu. Mwaka 1952 wananchi wa uwanda huo walihifadhi maji majumbani kwa sababu visima vilikuwa mbali, na mbu wakazaliana humo. Elimu ya vinasaba itakuwa na maana kwa mkulima wa Newala iwapo itakwenda sambamba na maji ya bomba na mitungi iliyofunikwa.