Makao ya Wazee Hukaguliwa Usiku

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi mlio kambini na katika vituo vya polisi.

Kila askari anajua kwamba kuna ukaguzi wa aina mbili. Upo ule uliotangazwa tangu juma lililopita, ambao vitanda hutandikwa vikanyooka kama karatasi, viatu hung'arishwa, na hata mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa. Na upo ule ambao mkuu hufika saa nane za usiku, taa mkononi, bila kumwarifu mtu. Ukaguzi wa kwanza humwonyesha mkuu jinsi kambi inavyotaka kuonekana. Wa pili humwonyesha kambi yenyewe. Leo nataka kuitumia elimu hiyo ya kijeshi katika jambo ambalo huenda likaonekana liko mbali na kazi yenu, nalo ni hali ya wazee wetu waliomo katika makao ya kutunzia wazee, na ya wale walioachwa majumbani katika mikono ya watu wa kuajiriwa.

Haliko mbali hata kidogo. Chukueni mfano wa askari mzaliwa wa Kanyosha, hapa kusini mwa Bujumbura, kati ya vilima na Ziwa Tanganyika. Vikosi vya Burundi vilianza kwenda Somalia mwezi Desemba 2007, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na kwa zaidi ya miaka 15 vijana wetu walipokezana zamu huko. Kijana huyo alikuwa akilinda barabara za Mogadishu; je, mama yake mwenye miaka themanini alikuwa akilindwa na nani? Pengine na shangazi, pengine na jirani, pengine na msichana wa kazi aliyepatikana kwa haraka siku tatu kabla ya safari. Polisi aliyepangiwa kazi Cibitoke au Ruyigi naye yumo katika hali hiyohiyo. Fedha hutumwa nyumbani kila mwezi, na majibu huja kwa simu kwamba mzee hajambo.

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba Mrundi hampeleki mzazi wake kwa watu baki. Ni fahari njema, lakini isitufumbe macho. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 viliua na kutawanya watu, vikaacha wazee wengi wasio na mtoto wa kuwashika mkono, na mitaa ya Kanyosha haikusalimika. Makao ya wazee ni machache kwetu, lakini wazee wanaotunzwa na mtu asiye wa damu yao ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Swali la kupima matunzo yao ni letu sote.

Mimi mwenyewe niliwahi kufika katika nyumba moja ya namna hiyo siku ya sikukuu, nikifuatana na ujumbe wa wageni. Tulikaribishwa kwa nyimbo. Mashuka yalikuwa mapya, yangali na mikunjo ya dukani. Nilirudi kazini nikaandika habari ya kusifu, nayo ikatangazwa. Majuma mawili baadaye nilipita njia ileile, nikaingia jioni bila taarifa. Mashuka yale yalikuwa yamekwisha kurudi kabatini. Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile alichoketi siku ya sikukuu, na kabla sijamaliza kumwamkia aliniomba maji. Siitaji nyumba hiyo, kwa kuwa sehemu ya lawama ilikuwa yangu: nilihesabu vitanda nikadhani nimepima matunzo.

Daktari mmoja mzaliwa wa Beirut, Avedis Donabedian, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa matibabu hutazamwa mahali patatu: vifaa na watu waliopo, kazi inayofanywa, na matokeo yake kwa mgonjwa. Wageni wa sikukuu huona lile la kwanza tu. Hata kwa majirani zetu wa Tanzania, ambako serikali ina makao ya wazee katika mikoa kadhaa, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, picha tuliyozoea ni ya kiongozi akikabidhi sabuni na sukari. Sabuni ni kitu chema. Lakini nani atakuja siku ya nne kuona kama imemwosha mtu?

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, kwa sababu huko ni askari hasa waliolijibu swali hili. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoyakumba makao ya wazee ya Kanada na wahudumu wengi wakaugua au wakaacha kuja kazini, serikali ilipeleka wanajeshi katika majimbo ya Quebec na Ontario. Hawakwenda kukagua. Walikwenda kulisha, kuosha na kugeuza wagonjwa. Lakini askari amezoezwa kutoa taarifa ya anachokiona, nao waliitoa. Taarifa ya jeshi juu ya makao matano ya Ontario ilitangazwa tarehe 26 Mei 2020. Ilikuwa na nini ndani? Mende na nzi. Harufu ya chakula kilichooza. Sinia zilizowekwa mahali ambapo mkono wa mgonjwa haufiki. Wazee walioachwa ndani ya nguo zilizochafuka, na wengine wasioogeshwa kwa majuma. Watu waliokuwa wakilia kuomba msaada, na msaada ukachelewa nusu saa, na mara nyingine zaidi ya saa mbili. Dawa zilizopitwa na tarehe zake. Na jambo moja ambalo binafsi limenikaa moyoni kuliko mengine: wahudumu walioogopa kutumia vifaa kwa sababu vinagharimu fedha. Kiongozi wa serikali ya jimbo, Doug Ford, alikiri hadharani kwamba taarifa hiyo iliuumiza moyo.

Makao hayo yalikuwa na leseni. Jimbo lilikuwa na sheria na lilikuwa na wakaguzi, ila ukaguzi kamili wa kila nyumba ulikuwa umepunguzwa sana kabla ya ugonjwa kuingia. Mwezi Machi wa mwaka huohuo, Waziri wa Ulinzi wa Hispania, Margarita Robles, alikuwa ametangaza kwamba askari waliotumwa kusafisha makao ya wazee kwa dawa walikuta baadhi ya wazee wametelekezwa, na wengine wamekufa vitandani mwao. Hizo ni nchi tajiri. Tusijidanganye basi kwamba jambo hili ni la umaskini peke yake.

Mtu asiye daktari ataangalia nini? Aanze na ngozi. Mwili wa mzee asiyeweza kujigeuza ukilalia upande mmoja kwa muda mrefu, mfupa huibana nyama, damu haifiki, na nyama hufa. Kidonda cha kulalia hutokea mwisho wa mgongo, kwenye nyonga na kwenye visigino. Huanza kama wekundu au weusi usioondoka unapoubonyeza, na kisipozuiwa huchimba hadi mfupani. Askari wa Kanada walivikuta vidonda vya namna hiyo, vikubwa. Kinga yake ni kazi ya mikono: tangu zamani wauguzi hufundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili au karibu na hapo. Kwa hiyo kisigino cha mzee ni kama daftari la zamu, ila daftari la karatasi laweza kujazwa asubuhi na mtu aliyelala usiku kucha.

Hapo hesabu inaingia. Tuseme nyumba ina wazee ishirini wasioweza kujigeuza, na kila mmoja anahitaji dakika tano. Hizo ni dakika mia moja katika kila saa mbili zenye dakika mia na ishirini. Mhudumu mmoja wa usiku amebakiwa na dakika ishirini za kubadilisha nguo, kunywesha maji, kumwinua aliyeanguka, na kujibu anayeita. Haiwezekani, hata awe na moyo wa malaika. Kabla hatujamlaani mama yule tuliyemkuta amesinzia saa nane za usiku, tuulize ni nani aliyempanga zamu peke yake.

Kisha maji. Kiu hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Mzee aweza kukauka bila kuomba kikombe, na joto la huku bondeni mnalijua. Midomo hupasuka, mkojo huwa mzito na mchache, maneno huanza kuchanganyika, na watu wa nyumbani husema uzee umempanda kichwani, kumbe ni maji yamekosekana. Wako watunzaji wanaomnyima mzee maji makusudi ili asilowanishe kitanda. Tazameni kikombe kiko wapi, na kama mkono wake unakifikia.

Uzito nao husema kweli. Mzee wa kilo 50 akipoteza kilo mbili na nusu kwa mwezi mmoja pasipo kukusudia, hiyo ni dalili ya hatari, iwe ya ugonjwa au ya sahani inayoishia njiani kati ya jikoni na kitanda. Nyumba isiyo na mizani haiwezi kulijua hilo, na mizani si ghali.

Kwa polisi nina neno la zaidi. Wakati mwingine nyumbakumi atakuja kituoni kusema kwamba katika ua fulani kuna bibi kikongwe aliyefungiwa ndani. Sisemi mvunje mlango kwa hasira. Nendeni pamoja na nyumbakumi huyo, na muuguzi wa kituo cha afya akipatikana. Mkimkuta mzee amefungwa kamba kitandani, ulizeni kwanza sababu. Wako wanaofunga kwa kuogopa asianguke motoni, nao wanahitaji kufundishwa, na wako wanaofunga ili waende sokoni. Ongeeni na mzee faraghani, kwa lugha yake, mtunzaji akiwa nje. Ninyi mnamjua shahidi anayemtazama mtu mwingine usoni kabla ya kujibu. Tofauti kati ya nyumba isiyo na chakula na nyumba ambamo chakula cha mzee kinaliwa na wengine ni kubwa: ya kwanza ni ya kusaidiwa, ya pili ni ya sheria.

Na sheria za kimataifa zipo. Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni zake juu ya wazee tarehe 16 Desemba 1991, nazo zinataja heshima na usalama wa mzee popote anapotunzwa. Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya haki za wazee mjini Addis Ababa tarehe 31 Januari 2016, nayo ikaanza kutumika Novemba 2024. Itifaki hiyo inataka makao ya wazee yawe ya hiari, yenye gharama inayowezekana, na yenye matunzo yanayofikia kiwango cha chini kilichowekwa na taifa. Kiwango kikiandikwa, lazima pia awepo mtu wa kukipima.

Basi yule askari wetu akipewa likizo, na akiwa na mzazi anayetunzwa na wengine, asiende Jumapili baada ya misa wakati wageni wote wanapokwenda, wala asipige simu kwanza. Aende Jumanne, saa tatu za usiku. Amwamkie mzee kwa heshima zote, ampe maji, kisha kwa idhini yake afunue shuka upande wa miguu aviangalie visigino vyote viwili. Akitoka, asimame na mhudumu wa zamu mlangoni, amwulize kwa upole: usiku huu mko wangapi?