Bei Imekubaliwa, Fedha Hazijaja: Mazungumzo kwa Wanachama Wanaouza Nyumba

(Mazungumzo haya yalisomwa mbele ya wanachama wa tawi letu watokao Rangwe na jirani zake. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamuni siku hiyo.)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo limeleta barua nyingi kwa katibu. Barua hizo karibu zote zina maneno mamoja: nimeuza nyumba yangu ya Rangwe, tumekubaliana bei, tumepeana mikono mbele ya mashahidi, na mpaka leo sijaona fedha. Mtoto anangojewa shuleni na karo. Mzee yuko hospitali. Chama kinisaidie.

Chama hakiuzi nyumba wala hakinunui. Lakini kwa kuwa tumewasindikiza wenzetu kadhaa katika njia hii, na wengine tumewaona wakipoteza vyote viwili, nyumba na fedha, yafaa tuwaambie mnangoja nini, na mtu afanye nini wakati anapongoja.

Kwanza tuelewane ni nyumba gani inayouzwa. Kwetu nyumba iliyo ndani ya dala ya baba haiuzwi. Pale pana makaburi ya wazee, na ndugu wote wana neno juu yake, hata yule mdogo aliye Mombasa ambaye hajaonekana miaka mitano. Mtu asije tawini kutuuliza bei ya nyumba ya namna hiyo. Tunalosema hapa ni juu ya mambo mawili: shamba la mtu mwenyewe lililojengwa nyumba, na ploti ya sokoni yenye nyumba ya duka au vyumba vya kupanga. Njia zake si moja, na wengi wetu huzichanganya, ndiyo maana hungoja mahali pasipo na kitu cha kungoja.

Tuanze na shamba. Tangu mwaka 1967 Kenya ina sheria inayosema kwamba shamba la kilimo haliwezi kuuzwa, wala kugawanywa, wala kukodishwa, mpaka Bodi ya Ardhi ya mahali pale imetoa kibali. Bodi hiyo huketi chini ya afisa wa serikali pamoja na wazee wa mahali, na kwa kawaida hukutana mara moja kwa mwezi. Mkikosa mkutano wa mwezi huu mwangoja wa mwezi ujao, na mkutano ukiahirishwa mwangoja tena. Wapo wanaoilaani Bodi kwa sababu hiyo. Sisi twaona sheria yenyewe ni jema, maana Bodi humwuliza mke na watoto wakubwa kama wanajua kwamba shamba linalowalisha linauzwa. Wangapi kati yetu wangeuza kimya kimya mwisho wa mwezi kama swali hilo lisingeulizwa?

Wenzetu wa treni mnajua desturi ya tokeni. Katika reli ya njia moja dereva hakuondoka kituoni mpaka alipokabidhiwa tokeni, hata kama mabehewa yamejaa na saa imepita. Kibali cha Bodi ndiyo tokeni ya shamba. Pasipo kibali, sheria yasema mapatano yenu ni bure, kana kwamba hamkusema neno. Mnunuzi anaweza kudai fedha zake zote alizokulipa, nazo ni deni juu yako. Ni kweli kwamba ziko hukumu, mojawapo ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 2018, ambazo zilimlinda mnunuzi aliyekwisha kupewa shamba akakaa juu yake bila kibali. Lakini hukumu za namna hiyo hupatikana baada ya miaka ya kwenda mahakamani, na mshahara wa reli hauwezi kulisha wakili miaka yote hiyo.

Sasa shikeni hesabu hii, maana ndiyo iliyowaumiza wengi. Maombi ya kibali yapaswa kupelekwa kwa Bodi katika muda wa miezi 6 tangu siku mlipoandikiana mapatano. Hatusemi kibali kitoke katika miezi hiyo. Twasema maombi yafike. Mkiandikiana tarehe 10 Januari, maombi yafike kabla ya tarehe 10 Julai. Muda ukipita, mtakuwa wa kwenda mahakamani kuomba uongezwe, na lazima muwe na sababu ya kutosha. Kwa hiyo kungoja si kitu kimoja. Kuna kungoja kwa mtu ambaye karatasi yake imefika na ina muhuri, huyo na alale usingizi. Na kuna kungoja kwa mtu aliyeambiwa na dalali, "Usijali, ninashughulikia." Huyu wa pili miezi yake inaliwa naye hajui.

Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja, aliuza ekari mbili na nyumba ya mabati karibu na soko. Alipokea arubuni akanunua pikipiki ili mdogo wake afanye kazi ya boda boda. Alipoulizwa hati, alileta hati yenye jina la baba yake, na baba amekufa zamani. Alidhani kwamba kwa kuwa yeye ndiye mtoto mkubwa, na kijiji kizima chajua kwamba sehemu ile ni yake, basi ni yake. Kijiji kilijua. Daftari la ardhi kule Homa Bay halikujua. Mnunuzi alingoja, akachoka, akadai fedha. Pikipiki iliuzwa kwa bei ya kutupa, na ng'ombe wawili juu yake.

Ndugu, kwetu jambo hili si la mtu mmoja. Hati nyingi ziliandikwa wakati wa kupima mashamba, na majina yaliyoandikwa ni ya wazee ambao sasa wamelala. Sheria ya urithi inayotumika tangu tarehe 1 Julai 1981 haimruhusu mtu yeyote kuuza ardhi ya marehemu mpaka mahakama imemteua msimamizi, na uteuzi huo ukathibitishwa. Hapo kwanza huanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote, mabinti pia, hata walioolewa. Kisha maombi hupelekwa mahakamani, na tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye kupinga apate siku 30 za kupinga. Msimamizi akiisha kuteuliwa, kwa kawaida hungoja miezi 6 kabla ya kuthibitishwa. Jumlisheni wenyewe. Mtu ambaye hati yake bado ina jina la babu asiseme kwamba anauza nyumba mwaka huu. Anaanza shauri la urithi, nalo likiisha ndipo atafute mnunuzi. Akimtafuta mnunuzi kwanza, atamngojesha mtu mwenye fedha mkononi, na mtu mwenye fedha mkononi hangoji mwaka mzima.

Tena kuna wale wanaouza kipande tu cha shamba. Hao wajue kwamba saveya lazima apime, ramani ibadilishwe, na kuligawa shamba lenyewe pia kwataka kibali cha Bodi. Hapo pana vibali viwili vya kuombwa, wala si kimoja.

Ploti ya sokoni ina habari nyingine. Haiendi kwa Bodi ya Ardhi, kwa kuwa sheria ile haihesabu ardhi ya soko kuwa shamba la kilimo. Hapo mwangoja serikali ya kaunti na wenye kutunza ardhi ya umma: kodi ya ploti ilipwe yote mpaka siku ya leo, na ruhusa ya kuhamisha itolewe. Shida kubwa ya ploti ni barua ya kugawiwa. Watu wengi wanashika barua hiyo kama ni hati. Si hati. Mahakama ya Juu Zaidi ya Kenya ilisema wazi mwaka 2023 kwamba barua ya kugawiwa haimpi mtu umiliki. Ni ahadi tu, mpaka masharti yake yametimizwa na jina lako limeandikwa katika daftari. Aliye na barua tu, aende akamalize kwanza habari ya hati yake, au amwambie mnunuzi kweli tangu siku ya kwanza.

Juu ya fedha tutasema kidogo. Mapatano ya ardhi lazima yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbele ya shahidi. Desturi ni mnunuzi kutoa asilimia 10 mwanzo na kumaliza katika siku 90 au zaidi kama mlivyoandikiana. Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi, asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani na 4 kwa ya mji. Muuzaji naye ana kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida aliyoipata. Mashamba madogo ya kilimo yaliyo nje ya mji husamehewa, na vile vile nyumba ambayo mwenyewe amekaa ndani yake miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza. Lakini sisi twakaa katika nyumba za kazi, Nairobi na Nakuru na Mombasa, na ile nyumba yetu ya sokoni wamekaa wapangaji. Msamaha huo wa pili huenda usitufikie, basi ulizeni mapema, isije kodi ikawajia wakati fedha zimekwisha kugawanywa.

Sasa habari ya kungoja yenyewe. Arubuni isiliwe. Twajua ni neno gumu kumwambia mtu mwenye njaa ya karo, lakini mpaka kibali kitoke fedha hizo si zako bado, na ni afadhali zikae kwa wakili mpaka mambo yamalizike kuliko kukaa mfukoni mwako. Shuleni nenda ukaseme kweli. Mwambie mwalimu mkuu kwamba kuna shauri la ardhi linaloendelea, mwonyeshe karatasi, omba kulipa kidogo kidogo. Wengi hukubali wakiona karatasi. Hawakubali wakisikia "wiki ijayo" kwa mara ya nne.

Usihame wala usimpe mnunuzi ufunguo kabla ya kibali. Usimpe mtu hati yako ya asili eti akaombee mkopo benki. Hati hupita kwa wakili, tena kwa maandishi. Na akija mnunuzi wa pili mwenye bei nzuri zaidi wakati wa kwanza anahangaika na benki yake, mwambie umekwisha kufunga mapatano, na umwonyeshe tarehe ya kuyamaliza. Tarehe ikipita bila fedha, mwandikie wa kwanza barua, umpe siku zilizoandikwa katika mapatano, ndipo uwe huru. Kuuza mara mbili hakuleti fedha mara mbili, huleta polisi.

Na kila unapokwenda afisini, usiulize, "Itakuwa tayari lini?" Karani atakujibu "karibuni", na hiyo haikusaidii wala haimdhuru yeye. Uliza hivi: faili yangu iko kwa nani leo, na inangoja karatasi gani? Andika jibu, tarehe na meza uliyoambiwa katika daftari dogo. Mtu mwenye daftari huheshimiwa. Tumeona shauri lililolala miezi mitatu likiamka siku ile mwenyewe aliposoma tarehe zake kwa sauti, taratibu, bila matusi.

Limebaki moja, nalo ni la chama. Bodi hutaka muuzaji aje mwenyewe, na mke wake. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haikuvuka kuja Rangwe, hivyo mtu wa Mombasa anayeitwa mbele ya Bodi hupoteza siku tatu au nne njiani kwa mkutano wa dakika kumi, na mkutano ukiahirishwa huzipoteza tena. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 yatupa livu isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na yaruhusu igawanywe vipande kwa makubaliano. Msiichukue yote pamoja mkaimaliza kijijini mkingoja. Ulizeni kwanza tarehe ya mkutano, kwa simu, kisha ulizeni tena siku mbili kabla ya kusafiri kama mkutano upo, ndipo mwombe siku chache. Msimamizi akikataa, mwakilishi wa kazini apelekewe barua ya mwito wa Bodi siku ile ile. Tumekwisha kuwasilisha jambo hili mbele ya wakubwa wa kazi, na jibu lao twalingojea. Nalo tumeliandikia tarehe katika daftari.

Mwanachama mwenye shauri la namna hii na alete tawini nakala za karatasi zake, wala si karatasi za asili: hati au barua ya kugawiwa, mapatano, stakabadhi za kodi, na barua ya chifu ikiwa mwenye jina amekufa. Kamati itazitazama Jumamosi ya kwanza ya mwezi baada ya saa nane. Walio zamu ya usiku wampe katibu majina yao, nao wataonwa asubuhi watokapo kazini.